Hamsini na Tano, Sitini, na Miezi Iliyo Katikati

Mhadhara uliotolewa Ulaya, Kilosa, mbele ya watumishi wa umma na wanakijiji

 

Mtumishi wa umma aliyezaliwa 1970 alifikisha miaka 55 mwaka 2025. Tangu siku ile sheria inamruhusu kuandika barua na kuondoka kwa hiari. Mwaka 2030 atafikisha 60, na hapo hakuna atakayemuuliza anataka nini. Muda wa lazima umefika. Maprofesa na madaktari bingwa wana ngazi yao, 60 kwa hiari na 65 kwa lazima, lakini nikitazama mabenchi haya sidhani kama wapo, kwa hiyo tuwaache na mambo yao. Sisi tuzungumzie miaka hii mitano.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali. Kama huna kitu kinachokulipa leo, ukiwa bado kazini, usiache kazi kwa matumaini kwamba kitaanza kukulipa kesho. Kama unacho, na umekihakiki kwa misimu, usiogope 55. Mengine yote nitakayosema ni matawi ya hilo.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizowaleta wengi.

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 watumishi wa umma tuko chini ya mfuko mmoja, PSSSF, uliozaliwa kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwako na mwajiri huweka 15. Mwaka huohuo ilikuja kanuni ya kukokotoa mafao iliyozua kelele nchi nzima, mpaka Rais Magufuli akaisimamisha Desemba 2018. Kanuni mpya ikaja Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33. Katika bajeti ya 2024 waliokuwa wameteremshwa kutoka asilimia 50 wakapandishwa hadi 40, na waliokuwa chini ya kanuni ya asilimia 25 wakawekwa kwenye 35. Haya mnayajua. Neno kikokotoo limeingia hadi kwenye utani wa vijiweni. Lakini nimegundua wengi wetu tunalalamikia kikokotoo bila kuwahi kukikokotoa, basi naomba chaki.

Chukueni mwalimu ambaye wastani wa mshahara wake, kwa miaka mitatu aliyolipwa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho, ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Amefanya kazi miaka 35, ambayo ni miezi 420. Zidisha 12,000,000 kwa 420, gawa kwa 580. Unapata 8,689,655. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Sasa asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5 kuwa mkupuo: 43,448,276. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12: 434,483 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake.

Mwalimu huyohuyo kwa kanuni ya zamani ya PSPF, ambayo iligawa kwa 540, ikazidisha kwa 15.5 na kutoa nusu, na ambayo ilitazama mshahara wa mwisho (tuseme nao ni milioni moja), angepata mkupuo wa 72,333,333 na pensheni ya 388,889 kwa mwezi. Tofauti ya mkupuo ni karibu milioni 29. Mtu aliyepanga maisha yake kwa hesabu ile, akachimba msingi wa nyumba Kihonda akisubiri siku yake, ana haki ya kukasirika. Kubadilishiwa kanuni ukiwa ukingoni mwa safari si jambo dogo, na sitamwambia mtu yeyote anyamaze.

Ila tazameni ile 12.5. Maana yake ni kwamba kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayokubali kuiacha, unalipwa shilingi kumi na mbili na nusu papo hapo. Ukistaafu na miaka 60 na ukaishi zaidi ya 72 na nusu, ile sehemu uliyoichukua kwa mkupuo ingekulipa zaidi kama ungeiacha ije mwezi kwa mwezi. Bila kuhesabu kupanda kwa bei, naam, na bei hupanda. Lakini hapa Ulaya wazee wa miaka 80 wanaokwenda shamba kwa miguu yao wenyewe tunao, wengine wamekaa mbele yangu.

Kwa nini basi tunapenda mkupuo kiasi hiki? Wapo wanaosema ni tamaa. Mimi naona ni kumbukumbu. Mfuko wa wafanyakazi, NPF, uliundwa 1964, na ulikuwa wa akiba: ukimaliza kazi unachukua chako chote, mnaagana. Mpaka ulipogeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya 1997, kizazi kizima kilikuwa kimezoea kwamba mafao ni mzigo mmoja unaoushika mkononi. Na wale waliokuwa na ahadi ya kulipwa kidogo kidogo waliona nini? Nendeni Kilosa mjini, mji wa reli, mkaulizie wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977. Mali na madeni yake yakagawanywa kwa makubaliano ya 1984. Wafanyakazi wa reli, bandari na posta wa upande wetu waliendelea kudai, wakaingia mahakamani, wakaandamana hadi barabarani Dar es Salaam, na makubaliano ya kuwalipa yakafikiwa 2005. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Wengine walizikwa wakiwa bado wana namba ya jalada. Mtoto aliyemwona baba yake akipanda treni na bahasha ya kaki kufuatilia madai, leo akiwa mwalimu wa miaka 57, akiambiwa "utalipwa kila mwezi" moyo wake unarudi nyuma. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini tusiishie kwenye kumbukumbu. Pensheni ya sasa inalipwa, na mwenye kustaafu leo apange kwa kanuni ya leo.

Sasa swali lenyewe: miaka mitano zaidi inaongeza nini? Kwa kanuni niliyoandika ubaoni, kila mwezi wa kazi unaongeza sehemu moja ya 580. Miezi 60 inaongeza kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wa wastani kwenye pensheni kamili. Kwa mwalimu wetu wa milioni moja, hiyo ni kama shilingi 62,000 zaidi kwa mwezi na milioni 6.2 zaidi kwenye mkupuo. Si haba, wala si utajiri. Kama kuna marekebisho yoyote yanayomhusu anayeondoka kabla ya 60, ofisi ya mfuko itakuonyesha kwenye karatasi zako. Mimi nimeandika kanuni tupu. Faida kubwa ya kubaki ni mshahara wenyewe wa miaka ile mitano, na ile miaka mitatu ya wastani.

Hapo kwenye wastani ndipo watu wengi wanapoteleza. Mei Mosi 2025, Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Ngazi nyingine nazo zikasogea kwa viwango vyake. Anayeondoka miezi sita baada ya nyongeza anaondoka na miezi sita ya mshahara mpya na miaka miwili na nusu ya ule wa zamani ndani ya wastani wake. Anayesubiri hadi katikati ya 2028 anaondoka na miaka mitatu mizima ya mshahara mpya. Hivyo hivyo kwa aliyepandishwa daraja juzi. Barua ya kupanda daraja uliyoisubiri kwa miaka, ukaishangilia, halafu ukaondoka kabla haijakaa kwenye wastani, umeishangilia bure.

Niende kwenye shamba, maana huko ndiko kila mtumishi wa wilaya hii anakosema anakwenda.

Ninamfahamu mwalimu mmoja, si wa shule za hapa, aliyetaka kuondoka na 55. Alikuwa na ekari zake upande wa kuelekea Mikumi, mahindi na ufuta. Kila jioni alizungumza kama mkulima mkubwa. Siku alipomwambia mkewe kwamba barua iko tayari, mama yule alikwenda ndani akarudi na daftari la kaunta. Alikuwa akiandika kila kitu kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Trekta. Mbegu. Palizi ya kwanza, vibarua. Palizi ya pili, vibarua. Dawa ya viwavi jeshi. Vijana wa kulala kwenye dungu kulinda tembo. Bodaboda ya kupeleka chakula cha vibarua. Magunia, gari la kutoa mzigo, ushuru. Upande wa pili, kalamu ya bluu, mauzo. Akamfungulia kurasa za misimu mitatu, akamwambia:

"Mwalimu, hili shamba halijawahi kutulisha. Sisi ndio tunalilisha, kwa mshahara wako."

Hakuongeza neno. Barua ilirudi kwenye droo.

Sina hadithi nyingine inayoeleza jambo hili vizuri kuliko daftari lile. Mashamba mengi ya watumishi yananyonya mshahara kimya kimya. Mwezi wa palizi unakopa, mwezi wa mavuno unauza haraka kwa bei ya chini kwa sababu ada inadaiwa, na mwisho wa mwaka unasema "tumevuna magunia arobaini" bila kusema yaligharimu nini. Ukikata mshahara, pampu imezimwa. Ndipo mkupuo unaanza kuchimbwa: leo trekta, kesho mbolea, na msimu wa tatu umebaki na 434,483 yako ya kila mwezi na shamba linalokutazama.

Na Kilosa si nchi ya kujifunzia kilimo ukiwa na miaka 56. Wanaopakana na hifadhi ya Mikumi wanajua tembo akiingia usiku mmoja anaacha nini. Kifuta jasho cha serikali ni cha kufuta jasho kweli, hakirudishi gunia. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo, ukachukua nyumba na reli. Desemba 2000 kule Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mvutano wa malisho na mashamba haujaisha hadi leo. Hata mkaa, ambao wengine wanaunong'ona kama njia ya mkato, si wa kujiingilia ovyo: tangu mradi wa mkaa endelevu ulipoingia vijiji vya Kilosa, kuanzia 2012, vikiwemo vya kata hii, msitu wa kijiji una vitalu, kamati na ushuru. Mgeni mwenye mkupuo asidhani atapita pembeni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye miaka 50 leo ni kuanza daftari. Misimu mitatu, na wa ukame uwemo. Gharama zote, hata kibarua chako mwenyewe cha Jumamosi kiandikwe kwa bei ya kibarua. Kama kalamu ya bluu inaishinda nyekundu bila mshahara kuingizwa, hapo tuzungumze kuhusu kuondoka mapema.

Kuna neno kuhusu ardhi yenyewe, na nawaomba wazee wanisahihishe nikikosea. Makabila ya ukanda huu, Wasagara, Wavidunda, Wakaguru, na Waluguru jirani zetu, hufuata ukoo upande wa mama, na ardhi ya ukoo ina wenyewe. Mtumishi kutoka Kagera au Mbeya aliyeoa hapa, akapewa kipande cha kulima, akalima miaka ishirini kwa amani, anaweza kudhani ni chake. Amani ile ni ya heshima ya ndoa. Siku akishusha tofali elfu tano kwa fedha za mkupuo, wajomba watakuja kuuliza kwa upole. Kabla ya kujenga, nenda serikali ya kijiji, kaa na ukoo, upate hati ya hakimiliki ya kimila iliyoandikwa majina yanayostahili, na la mkeo liwemo. Fanyeni hivyo mkiwa bado kazini, kwa sababu mstaafu mwenye fedha mpya huuziwa kiwanja hichohicho mara mbili.

Na nyumba ya kuishi? Wengi wetu tunakaa nyumba za shule na za zahanati. Ukistaafu, nyumba unaikabidhi. Nauli na gharama za mizigo ya kurudi kwenu unastahili, lakini muulizeni yeyote aliyetangulia kama lori na malipo vilifika siku moja. Asiye na pa kulala asizungumze 55.

Madeni nitayapitia haraka kwa sababu kila mtu hapa anajua lake. Mkopo wa benki uliokopwa kwa mshahara hauishi na kazi. Mikopo ya kausha damu ndiyo kabisa, haina huruma na mvi. Tena fedha za mstaafu zina harufu: mfuko wenyewe umekuwa ukiwaonya wanachama kuhusu matapeli wanaopiga simu wakijifanya watumishi wake, wanataja jina lako kamili na kutaka "gharama ya kuharakisha". Mtu akikuomba hela ili upewe hela, kata simu.

Watoto ndio hesabu inayosahaulika. Zamani mtu alioa na miaka 22, akifika 55 kitinda mimba ameshaolewa. Leo mwalimu wa 55 ana mtoto kidato cha pili. Kadi ya bima ya mstaafu humlinda yeye na mwenza wake. Watoto huwa nje. Chukua umri wa kitinda mimba wako, hesabu hadi amalize chuo, uandike mwaka huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwangu mimi mwaka huo una uzito zaidi kuliko siku ya kuzaliwa ya baba.

Majirani zetu, na hata walio mbali, nao wanavutana na jambo hili. Kenya ilipandisha umri wa lazima kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Ufaransa mwaka 2023 iliposogeza umri kutoka 62 kwenda 64 mamilioni waliingia barabarani. Kule wanagombania kutoka mapema, wakati wengi wetu tunatafuta namna ya kuongezewa mkataba. Tofauti inaeleza nani anastaafu na kitu na nani anastaafu na ahadi.

Ndugu wakulima mmekaa kimya mkinisikiliza nazungumza na wenye mishahara, nami nimewaona. Mkulima anastaafu lini? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamwita mzee mtu wa miaka 60 na kuendelea, lakini jembe halijasoma sera. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza na 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara hatuna mpango wa namna hiyo kwa wote, na mimi ni mmoja wa wanaoamini tungeweza kuanza, hata kwa kiasi kidogo na kwa umri mkubwa. Kabla wakati huo haujafika, NSSF inapokea michango ya waliojiajiri. Mkulima wa miaka 35 aliyepo hapa anaweza kuchangia baada ya mavuno. Wa miaka 62 nimwambie ukweli: kwako wewe kustaafu ni kupunguza. Kipande cha mbali apewe kijana kwa makubaliano yaliyoshuhudiwa na ukoo, sehemu ya mavuno irudi, na kipande cha karibu na nyumba kibaki mkononi mwako mpaka siku utakapokiacha mwenyewe. Wazee waliogawa vyote mapema tumewaona wakiomba chumvi kwa wakwe zao.

Wapo pia wanaopaswa kuondoka hata kama daftari linasema bado. Mgongo uliokwisha kwa kunyanyua wagonjwa, macho yanayoshindwa na maandishi ya ubaoni, mume au mke anayeuguzwa mbali. Kwa hao sina hesabu ya kuwapa. Waende, na majirani wasiwasute.

Namalizia na muuguzi mmoja aliyenishirikisha mipango yake, na ambaye ndiye aliyenifanya niupe mhadhara huu kichwa hiki. Amezaliwa 1970. Wenzake kazini wamegawanyika kambi mbili, ya 55 na ya 60, kana kwamba katikati hapana kitu. Yeye hakuingia kambi yoyote. Alichukua kalenda. Mshahara mpya ulianza Julai 2025, wastani wa miaka mitatu utajaa Juni 2028. Mkopo wa bati unaisha Novemba 2027. Kitinda mimba anamaliza kidato cha nne 2027, na dada zake wawili wamekubali kwa maneno, mbele ya baba yao, kubeba ada inayobaki. Kuku wake wa kienyeji sasa wako kwenye msimu wa kwanza wa daftari, na mdondo umeshamfundisha somo moja la chanjo. Akaangukia Julai 2028, akiwa na miaka 58. Akanionyesha mwezi huo alivyouzungushia duara, kisha akaniuliza kama barua ya taarifa inaweza kuandikwa kwa mkono.

Nilimwambia aanze kwa kukusanya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na zote za kupandishwa daraja, ahakikishe jina ni lilelile kwenye cheti, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye taarifa za mfuko, herufi kwa herufi. Lake lilikuwa na "h" moja imezidi kwenye cheti cha uuguzi. Ana muda wa kuishughulikia. Angeondoka mwaka huu, hiyo herufi ndiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza ya ustaafu.

Mwenyekiti, natua chaki. Mwenye swali, na mwenye daftari lake, karibu mbele.